Manowari Zilizobeba Jina la Muasi

Mwezi Septemba 1960, katika kiwanda cha meli cha Newport News, jimbo la Virginia, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipokea rasmi nyambizi mpya iendeshwayo kwa nguvu za nyuklia. Chombo hicho kilichukua makombora 16 ya aina ya Polaris, ambayo kila moja liliweza kuteketeza mji mzima. Kilikuwa fahari ya dola, na kama ilivyo desturi ya mabaharia popote duniani, chombo cha fahari hakiondoki gatini bila ya jina la fahari. Jina lililochaguliwa lilikuwa Robert E. Lee.

Msomaji asiyeifuatilia historia ya nchi ile huenda akadhani kwamba huyo Lee alikuwa nahodha au admirali aliyeitetea bendera ya Marekani baharini. Hakuwa baharia hata kidogo. Alikuwa jemadari wa nchi kavu, na vita vilivyompa umaarufu alivipigana dhidi ya serikali ile ile ambayo, miaka 95 baada ya yeye kusalimu amri, iliandika jina lake juu ya chuma chake. Tunalizungumza jambo hili leo, si kwa kuwa Wamarekani wanangoja mawaidha kutoka visiwani, bali kwa kuwa kila serikali hutoa majina, na ya kwetu ni mojawapo.

Robert Edward Lee alizaliwa Virginia mwaka 1807. Alisomeshwa kwa gharama ya serikali katika chuo cha kijeshi cha West Point, akahitimu mwaka 1829, na akalitumikia jeshi la nchi yake zaidi ya miaka 30. Majimbo ya Kusini yalipojitenga, alijiuzulu mwezi Aprili 1861 na kuvaa sare ya upande wa pili. Tangu Juni 1862 aliliongoza jeshi la Kusini katika Virginia, mpaka Aprili 9, 1865, alipoweka silaha chini katika kijiji cha Appomattox mbele ya Jenerali Ulysses Grant. Kwamba alikuwa hodari, hatubishi. Lakini uhodari ni jambo moja, na kilichopiganiwa kwa uhodari huo ni jambo jingine. Wakubwa wa Kusini hawakukificha. Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alisema hadharani mwezi Machi 1861 kwamba jiwe la msingi la dola yao mpya ni imani ya kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na kwamba utumwa ndio hali inayomstahili.

Wamarekani, hata hivyo, hawakuwa wa kwanza kuipa manowari jina la jemadari huyo katika karne iliyopita. Waliotangulia ni Waingereza, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa, maana kinaonyesha jinsi majina makubwa yanavyoweza kutolewa kwa sababu ndogo.

Mwishoni mwa mwaka 1914 kampuni ya chuma ya Bethlehem ya Marekani ilikuwa na mizinga mikubwa iliyokosa mwenyewe. Iliagizwa kwa ajili ya manowari ya Wagiriki, Salamis, iliyokuwa ikiundwa Hamburg. Lakini vita vikuu vilikuwa vimeanza na njia ya kwenda Ujerumani ilikwisha fungwa na Waingereza. Mkuu wa kampuni hiyo, Charles Schwab, aliwauzia Waingereza, ambao Winston Churchill ndiye aliyekuwa waziri wao wa mambo ya majini. Ili kuibeba mizinga hiyo, zikaundwa manowari nne za aina iitwayo monita: vyombo vipana, vya mwendo wa pole, visivyohitaji kina kirefu cha maji, vyenye kazi ya kupiga shabaha za nchi kavu. Wazee wa Rufiji waliziona za jamii hiyo kwa macho yao. Severn na Mersey, zilizoingia kwenye milango ya mto huo Julai 1915 kuimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg, zilikuwa monita. Na Königsberg ndiyo iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari yetu ya Unguja Septemba 20, 1914.

Kwa kuwa mizinga ilitoka Marekani, Waingereza waliona ni adabu kuwashukuru Wamarekani kwa majina. Wakachagua mashujaa wawili wa Kaskazini, Admirali Farragut na Jenerali Grant, na wawili wa Kusini, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, mithili ya muuza duka anayesawazisha mizani ili mteja asinung'unike. Kilichosahauliwa ni kwamba Marekani wakati huo ilikuwa haijaingia vitani, na haikupendezwa kushukuriwa hadharani kwa biashara ya silaha. Kati ya Mei na Juni 1915 majina yote manne yakafutwa. Monita ya Lee, iliyokuwa imeshushwa majini mwezi Aprili, ikageuka kuwa Raglan, jina la jemadari wa Kiingereza wa vita vya Krimea. Ile ya Grant, aliyevishinda vita vilivyovunja utumwa wa Marekani, ikaitwa Havelock, jina la jemadari aliyewakandamiza Wahindi walipoinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1857. Raglan ilizamishwa karibu na kisiwa cha Imbros Januari 20, 1918, na watu zaidi ya 100 wakafa maji. Katika shughuli yote hiyo ya kuandika na kufuta, sababu iliyolifuta jina la Lee haikuwa utumwa wala uasi. Ilikuwa ni haya ya kidiplomasia.

Sisi wa visiwani tunaifahamu sana adabu ya kumpa mwenye nguvu jina la chombo chako. Seyyid Barghash aliagiza Uingereza meli iliyoigizwa manowari ya Kiingereza Glasgow, na akaiita kwa jina hilo hilo. Asubuhi ya Agosti 27, 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga Glasgow ya Sultani kwa mizinga katika vita ambavyo havikutimia saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mbele ya mji kwa miaka mingi.

Tuirudie nyambizi ya 1960, kwani hiyo haikuitwa Lee kwa adabu ya wageni. Iliitwa hivyo na wenyewe, na kwa makusudi.

Mtaimbo wake uliwekwa Newport News mwezi Agosti 1958. Mwezi uliofuata, ng'ambo ya maji hayo hayo, katika mji wa Norfolk ambao ni kituo kikubwa cha wanamaji, serikali ya jimbo la Virginia ilizifunga shule sita za wazungu kuliko kukubali watoto weusi wachache waingie madarasani, na kiasi cha wanafunzi 10,000 wakakaa majumbani mpaka Februari 1959. Katika wilaya moja ya jimbo hilo, Prince Edward, shule za serikali zilifungwa tangu 1959 hadi 1964. Mwezi Februari 1960 vijana weusi waliketi kwenye meza ya mkahawa Greensboro, jimbo la North Carolina, wakakataa kuondoka waliponyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao. Huo ndio ulimwengu ambamo jina la Lee lilipakwa rangi ubavuni mwa nyambizi. Rais Eisenhower mwenyewe alikuwa na picha ya Lee ofisini mwake, na mwezi Agosti 1960, mwananchi mmoja alipomwandikia kumwuliza sababu, rais alijibu kwa barua ya kumsifu jemadari huyo kuwa ni mtu mwadilifu wa kuigwa.

Nyambizi iliyofuata Lee kwa namba, katika kundi lile lile la vyombo vitano vya mwanzo, iliitwa Abraham Lincoln. Ya Lee ilikuwa namba 601 na ya Lincoln namba 602. Aliyeivunja nchi na aliyeiunganisha wakapangwa ubavu kwa ubavu kama ndugu waliogombana kidogo juu ya shamba la urithi. Tena kuna jambo ambalo maofisa wa sheria watalipima kwa mizani yao. Lee hakurudishiwa haki zake kamili za uraia katika uhai wake. Kiapo chake cha utiifu cha mwaka 1865 kilipatikana katika nyaraka za taifa mwaka 1970, na ni Agosti 1975 tu ndipo Rais Ford alipotia sahihi azimio la Kongresi la kumrudishia uraia. Kwa hiyo kwa karibu miaka 15 dola hiyo ilizungusha chini ya bahari makombora yake ya siri kuu kwa jina la mtu ambaye sheria zake zenyewe zilikuwa hazijampokea tena kikamilifu. Wazee wetu husema jina jema hung'ara gizani. Nyambizi hukaa gizani muda mwingi wa maisha yake, na hili sidhani kama liling'ara.

Watetezi wa majina haya wana hoja moja ambayo si haki kuipuuza. Wanasema kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe viliua watu zaidi ya laki sita. Kwamba taifa lililopasuka namna ile haliungani kwa kumdhihaki aliyeshindwa. Na kwamba kumpa jemadari wa Kusini heshima ya manowari ni kumwambia mjukuu wake kuwa naye ni mwana wa nyumba hii. Sisi tuliopitia fitina za siasa, nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa, hatuwezi kuicheka hoja ya suluhu. Inauma, na ina kweli ndani yake.

Lakini suluhu ni baina ya nani na nani? Katika ugomvi ule hapakuwa na pande mbili tu. Palikuwa na watu wapatao milioni nne waliokuwa mali ya watu wengine, ambao ndio waliokuwa kiini cha ugomvi, na wengi wao walipigana vita vile kwa mikono yao. Mzungu wa Kaskazini alipompa mkono mzungu wa Kusini, mkono huo ulipita juu ya kichwa cha mtu wa tatu, naye hakuulizwa. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne yake, alilipinga jambo hili mapema. Lee alipofariki mwaka 1870, Douglass alikasirika katika gazeti lake kuona magazeti ya nchi yakimmiminia sifa mtu huyo kana kwamba hakuna lililotokea. Miaka 90 baadaye wajukuu wa mtu wa tatu walikuwa mabaharia wa serikali. Tangu 1932 hadi 1942 kazi iliyofunguliwa kwa mtu mweusi aliyejiunga na wanamaji ilikuwa jikoni na kwenye meza za maofisa. Rais Truman aliamuru mwaka 1948 kwamba ubaguzi majeshini ukome. Na sasa baharia huyo huyo, ambaye hatimaye amefunguliwa milango mingine, aliweza kupangiwa chombo chenye jina la Lee, akalivaa jina hilo kwenye kofia yake na kuliandika nyuma ya bahasha anapompelekea mama yake barua.

Wala tusijifanye watazamaji walioko mbali. Kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Vita vilipozuka mwaka 1861 merikani iliadimika sokoni kwetu, na vitambaa vya Kiingereza na vya Kihindi vikachukua nafasi yake. Na mashamba ya karafuu yaliyowatajirisha wanunuzi wake yalilimwa na watumwa pia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Anayeandika haya anajua kwamba anaizungumza nyumba ya jirani akiwa amesimama katika nyumba yenye nyufa zile zile.

Lee hakubaki peke yake. Mwezi Julai 1964 Rais Johnson alitia sahihi sheria ya haki za raia, iliyopiga marufuku ubaguzi katika mikahawa, hoteli na ajira. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo wanamaji wakaipokea nyambizi Stonewall Jackson, jina la mkono wa kulia wa Lee. Nyambizi za makombora ya Polaris zilikuwa 41 kwa jumla. Haki isemwe: moja ilipewa jina la George Washington Carver, mtaalamu mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani, na nyingine jina la Kamehameha, mfalme wa visiwa vya Hawaii. Hilo la pili huenda likawafanya wana wa visiwa watabasamu kwa uchungu, kwani ufalme wa Kamehameha ulipinduliwa mwaka 1893 na visiwa vyake vikamezwa na Marekani mwaka 1898. Majemadari hao wawili wa Kusini hawakuondolewa manowarini na mtu yeyote. Nyambizi ya Lee ilizeeka ikastaafishwa mwaka 1983, ya Jackson mwaka 1995, zikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 1989 ilikwisha ingia kazini manowari kubwa Chancellorsville, iliyopewa jina la pigano la Mei 1863 ambalo ndilo ushindi wa Lee uliosifiwa kuliko yote, na ambamo Jackson alipigwa risasi kwa bahati mbaya na askari wake mwenyewe.

Kinachotushangaza zaidi ni kwamba wakati wote huo baharia wa kutajwa alikuwepo, na sifa zake zilikuwa za baharini hasa.

Robert Smalls alizaliwa mtumwa Beaufort, jimbo la South Carolina, mwaka 1839. Mwaka 1862 alikuwa mshika usukani wa meli Planter, iliyotumiwa na jeshi la Kusini katika bandari ya Charleston. Alikuwa akiifanya kazi ya rubani, ingawa jina la rubani hakupewa mtumwa. Alfajiri ya Mei 13, maofisa wazungu walipokuwa wamelala nchi kavu, Smalls na wenzake walitia moto tanuri, wakawapitia wake zao na watoto, wakaanza kutoka bandarini katika giza. Alivaa kofia pana ya nahodha, akasimama kama asimamavyo nahodha, na kila walipopita ngome akapiga king'ora kwa ishara sahihi. Ngome ya Sumter, iliyokuwa na mizinga ya kutosha kuwamaliza wote kwa dakika moja, iliwaruhusu wapite. Walipokuwa nje ya shabaha wakateremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, wakawakabidhi wanamaji wa Kaskazini meli, mizinga yake, na ujuzi wa Smalls wa bandari ile. Baadaye akawa nahodha wa Planter hiyo hiyo, na tangu 1875 alichaguliwa mara kadhaa kuwa mbunge katika Kongresi. Nyumba ya bwana aliyemmiliki aliinunua yeye. Alifariki Februari 1915, miezi miwili kabla ya Waingereza kuishusha majini monita yenye jina la Lee.

Mtu yeyote aliyewahi kuitoa jahazi usiku katika mkondo wa Nungwi anajua kazi ile ilitaka nini. Jina la Smalls lilingoja mpaka Januari 1, 2021, Kongresi ilipopitisha, juu ya kura ya turufu ya Rais Trump, sheria ya majeshi iliyounda tume ya kupitia majina ya Shirikisho la Kusini. Mwaka 2023 Chancellorsville ikaitwa Robert Smalls. Meli ya uchunguzi wa bahari Maury nayo ikapewa jina la Marie Tharp, mwanamke aliyechora ramani ya sakafu ya bahari. Hapo tunakiri kwamba hesabu ni ngumu zaidi, kwani Matthew Maury, ingawa alijiunga na Kusini, alikuwa mtaalamu wa pepo na mikondo ambaye ramani zake ziliwafaa mabaharia wa mataifa yote. Lee hana hoja ya namna hiyo.

Wanaodhani kwamba jina likishafutwa limekwisha, wautazame mji wa Petersburg katika Virginia. Kambi ya jeshi iliyo jirani nao, Fort Lee, ilibadilishwa mwaka 2023 ikapewa majina ya maofisa wawili weusi, Arthur Gregg na Charity Adams. Mwaka 2025 serikali ikaliregesha jina la Fort Lee. Kwa kuwa sheria inakataza kumtukuza jemadari wa Kusini, ilielezwa kwamba safari hii anayeheshimiwa ni askari mwingine, Fitz Lee, mtu mweusi aliyepata nishani ya juu ya ushujaa katika vita dhidi ya Hispania mwaka 1898. Fitz Lee alistahili heshima, tena zamani. Hakustahili kugeuzwa pazia la mtu mwingine, wala Gregg na Adams hawakustahili kufutwa ili pazia hilo lipate mahali pa kutundikwa.

Katika nchi yetu chombo kikongwe kuliko vyote vinavyotajwa kwa mapenzi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliileta Kigoma vipande vipande, wakaiita kwa jina la gavana wao von Götzen, ambaye katika utawala wake vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905. Wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Hakuna msafiri wa Kasanga anayelililia jina la gavana.

Kwa maofisa wetu wanaohusika na bandari, vivuko na vyombo vya ulinzi, tunatoa rai iliyo wazi. Kila chombo kipya cha serikali kinapokaribia kupewa jina, jina hilo litangazwe katika gazeti rasmi miezi mitatu kabla ya kupakwa ubavuni, pamoja na sababu yake kwa maandishi na saini ya aliyelipendekeza. Mabaharia watakaokitumikia na abiria watakaokipanda wapewe nafasi ya kusema. Na katika orodha ya majina yanayofikiriwa wawekwe manahodha, marubani na wapiga mbizi wa Unguja na Pemba, ambao hadi leo ni wachache mno waliotajwa juu ya chuma chochote.